Viazi vya Ambao Hawajazaliwa

Jioni ya kwanza ya mavuno Nicolasa Ttito alikuwa amepiga magoti shambani mbele ya tanuri la madongoa, akizisema kuni. Tanuri la namna hiyo hujengwa palepale kiazi kilipong'olewa: madongoa makavu hupangwa moja juu ya jingine mpaka yawe kibanda cha kumtosha kuku mmoja, moto huwashwa ndani hadi udongo uwe mwekundu, kisha viazi hutumbukizwa na kibanda chote hubomolewa juu yao. Kupanga madongoa ilikuwa kazi ya mumewe, na mumewe alishazikwa. Baada yake ikawa kazi ya mwanawe Wilber, na Wilber alikuwa pwani, akilinda geti la shamba la zabibu. Kwa hiyo alikuwa amepanga yeye na mkwewe Yovana, na tanuri lilikuwa limeinama upande wa mtoni.

"Linaegemea, mama," Yovana alisema.

"Hata mimi naegemea na bado natembea. Lete viazi."

Pale Huayllapata, kijiji cha milimani, kuna jambo moja ambalo watu hawalijadili. Tanuri likibomolewa, yeyote aliyepo anakula. Awe mpita njia, awe mwizi wa kondoo, awe yule mliyegombana naye kwa ajili ya mfereji wa maji, anakula. Humwulizi atokako kabla hajashiba. Kiazi cha kwanza ni cha Mama Ardhi, hufukiwa shimoni pamoja na majani ya koka, na cha pili ni cha mgeni. Inasemekana mwenyeji anayejitangulizia huota meno ya panya, ingawa hayo hakuna aliyeyaona, kwa kuwa hakuna aliyethubutu.

Basi vumbi la tanuri lilipotulia, watu walikuwa wamesimama kwenye tuta la mwisho, kwa foleni. Walikuwa wengi kiasi, wanaume kwa wanawake, watoto na wazee, hawana mizigo, na miguu yao haikuwa na vumbi hata chembe, wakati njia ya kutoka bondeni ni vumbi tupu. Mbwa aliwaendea kuwanusa, akakosa cha kunusa, akarudi kulala.

"Karibuni," Nicolasa alisema. "Ninyi ni wa nani?"

Mzee aliyekuwa mbele alivua kofia. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. "Bado hatujawa wa mtu, bibi. Hatujazaliwa."

"Aa. Sasa ndiyo mle mmesimama? Kaeni."

Wakakaa. Yovana aliwagawia viazi, jibini na pilipili ya kusaga, na yule mzee akaeleza mambo yao huku akipuliza vidole. Huko walikokuwa wakingoja zamu zao walikuwa wamesikia kwamba dunia inajaa, na kwamba wataalamu wanakuna vichwa kama chakula kitatosha. Wakaona ni heri waje mapema wapate chochote. Kila mmoja alikuja katika umri ule ambao njaa itamkuta. Yeye mwenyewe angeishi vizuri tu, angeoa, angejenga, njaa ingemkuta uzeeni. Mama aliyekaa kando yake ingemkuta ananyonyesha. Watoto ingewakuta utotoni, na hao ndio waliokuwa wengi.

"Mmefikiria vizuri kuja," Nicolasa alisema. "Ongeza pilipili, babu. Mahali hapa ni pa baridi."

Walikula kwa shukrani ambayo Huayllapata haikuwahi kuiona. Walishukuru kiazi, wakashukuru jibini, wakaishukuru pilipili iliyowatoa machozi, maana hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba chakula kinaweza kuuma. Mama anayenyonyesha aliuliza kile kitu cheupe ni nini. Alipoambiwa ni chumvi, akaitazama kidogo kiganjani, akaishukuru nayo. Nicolasa aliwaangalia, na moyo ukamjaa. Mwaka mzima alikuwa anapika sufuria ya watu wawili, na mpishi wa watu wawili husahau hata kuonja.

"Nani aliwaonyesha njia?" aliuliza walipokwisha shiba.

"Kijana wa getini," mzee akajibu. Walikuwa wameanzia pwani, alisema, kwa sababu ukiwa huko wanakongoja unaliona lile shamba la zabibu waziwazi, limekoza kijani katikati ya jangwa. Kila mzabibu una bomba lake, na kuna mtambo unaojua kila mmoja umekunywa kiasi gani. Wakasema, mtu anayeweza kuotesha zabibu mchangani hawezi kushindwa kutulisha sisi. Getini paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba shamba hilo linalisha dunia. Wakapiga hodi. Kijana mmoja mwenye adabu zake aliwaomba vitambulisho.

"Na hatuna," alisema mzee. "Utapataje kitambulisho hujazaliwa? Yule kijana akatazama nyuma, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe haruhusiwi kuokota hata zabibu iliyoanguka. Akasema tupande huku juu. Akasema, mama yangu hajawahi kumfukuza mtu."

Nicolasa alijifanya anachokoa majivu. Alisema moshi umemwingia machoni, na moto ulikuwa umezimika zamani. Alijisikia fahari na uchungu kwa wakati mmoja, na hakujua aanze na kipi.

Walirudi kesho yake, na kesho kutwa. Jirani yake Toribio, mzee mwenye mdomo kuliko mashamba, alikuja kuangalia, akakaa juu ya jiwe na kuhesabu vichwa mpaka akachoka.

"Mgeni siku mbili, Nicolasa," akasema.

"Najua. Na leo ni ya tatu."

Akawapa majembe. Hawakukataa, waliyapokea kwa mikono miwili, wakalima kwa moyo mpaka giza likaingia, wakaaga. Asubuhi udongo waliougeuza ulikuwa haujageuzwa. Majani yalikuwa palepale, umande juu yake. Walijaribu tena, ikawa vilevile. Wao wenyewe waliona haya, wakaeleza kwamba huenda kazi yao nayo bado haijazaliwa.

"Tumbo limetangulia, mikono inafuata," Toribio alisema. "Na mimi nina mpwa wa aina hiyo, tena huyo alishazaliwa. Utawalisha mpaka lini?"

"Mpaka kwenye mlango wa mbegu."

Kila nyumba huko ina chumba kidogo cha mawe cha kuwekea viazi vya mbegu, mlango wake umefungwa kwa kamba ya sufu, na mlango huo haufunguliwi kwa sababu ya tumbo. Mama yake Nicolasa aliwahi kukaa msimu mzima wa njaa akiwa ameuegemea mgongo, akimeza mate, na mwezi wa Oktoba akapanda. Ndiyo maana Nicolasa alikuwepo. Ukila mbegu huna shamba, na usipokuwa na shamba unateremka pwani ukapange foleni kwenye geti la mtu. Wote walilijua hilo, wala halikuhitaji kusemwa.

Mhandisi wa kilimo naye alifika, bwana Edilberto, kutoka mji wa wilaya, kwa pikipiki yake yenye taa moja. Alikuwa amekuja kuuliza mavuno. Alipoiona foleni alizima pikipiki, akavua kofia ngumu, akawaangalia kwa muda.

"Hawa nawafahamu," alisema. "Ni wale wa kwenye mchoro wetu wa idadi ya watu. Mstari unaopanda."

"Basi wasalimie," Nicolasa alisema.

Akawasalimia mmoja mmoja. Kisha akakaa chini pamoja nao akala, akasema mchoro ule ameukodolea macho miaka na hakuwahi kufikiri kwamba mstari unapiga miayo. Toribio alimwuliza kama chakula cha kuwatosha watu wote hao kitapatikana. Mhandisi akajibu kwamba hesabu hiyo ameipiga mara nyingi, na kila akiipiga inatoka vilevile: chakula kipo.

"Kiko wapi?"

"Kipo tu, mzee wangu. Kimefungiwa." Akajipangusa masizi mdomoni. Aliahidi kuandika barua kwa wakubwa, na kweli aliandika. Jibu lilikuja mwezi uliofuata, likisema ambao hawajazaliwa hawawezi kuingizwa katika bajeti ya mwaka huu, ila wanatakiwa kila la heri.

Mwezi wa Juni waliumaliza kwa viazi vibichi. Julai waliumaliza kwa viazi vilivyogandishwa na baridi ya usiku, vikakanyagwa kwa miguu maji yakatoka, vikakaushwa juani. Majirani walisaidia. Kila nyumba ilileta shuka la viazi, na Toribio alileta mawili, akasema la pili ni la mpwa wake. Kadiri siku zilivyokwenda wageni walizidi kushukuru na maghala yalizidi kuwa mepesi. Hakuna aliyewalaumu. Mtu anaweza kuilaumu mvua au serikali, lakini utamlaumuje mtu ambaye bado hajafanya lolote?

Hapa inafaa niseme habari ya Yovana na maganda. Kuna kiazi kimoja huko, kina manundu na mashimo kama ngumi ya mzee, na jina lake ni Kinachomliza Mkwe. Siku binti anapoletwa kwa wakwe, mama wa mume humkabidhi kiazi hicho na kisu, akimenye mbele za watu. Ganda likitoka jembamba, ndoa ipo. Likitoka nene, ndoa ipo vilevile, maana wageni wameshafika na pombe ya mahindi imeshanywewa, ila bibi harusi hatasikia mwisho wake. La Yovana lilitoka nene kama mkate. Nicolasa alilinyanyua juu kila mtu alione, akasema, "Mungu ni mwema, nguruwe wa nyumba hii watanenepa." Watu walicheka mpaka wakalia. Tangu hapo haukupita mlo bila nguruwe kutajwa, na hata nguruwe alipochinjwa, aliendelea kutajwa.

Yovana hakuwa mtu wa kujibu. Aliolewa miaka minne iliyopita, na katika miaka hiyo Wilber alikuwa nyumbani wiki za karamu ya Kanivali ya Februari tu, kila mwaka, kabla ya mkataba mpya. Mtoto hawakuwa wamepata. Hilo nalo lilikuwa na watani wake kijijini, lakini Nicolasa, kusema haki, hapo hakutia neno hata siku moja.

Mwishoni mwa Agosti yule msichana akaja.

Alikuwa nyuma kabisa ya foleni, wa miaka sita hivi, pengo mbele, magoti yamechubuka. Yovana ndiye aliyemwona kwanza. Alisimama na sahani mkononi, hakusogea, mpaka Nicolasa akageuka kutazama anachokitazama. Msichana alikuwa na masikio yaliyosimama wima kama vishikio vya chungu. Masikio hayo Huayllapata nzima inayajua. Yalikuwa ya marehemu mume wa Nicolasa, yakawa ya Wilber.

"Wewe ni wa nani, mama?" Yovana alimwuliza.

"Sijui bado," msichana akasema. "Chakula kimekwisha?"

"Hakijaisha," Yovana alisema, akampa sehemu yake mwenyewe.

Jumapili hiyo Nicolasa alipanda juu ya jiwe la nyuma ya kanisa, ambapo simu hushika, akampigia mwanawe. Wilber alipokea akiwa zamu. Nyuma yake yalisikika malori ya zabibu yakipita kwenda bandarini.

"Hawajambo wageni, mama? Hawakuchoshi?"

"Wazuri. Wanashukuru kuliko watu waliozaliwa. Wewe unakula nini?"

"Tambi za pakiti. Usianze, mama."

"Sijaanza. Kuna mmoja amekuja, msichana. Ana masikio yako."

Lori jingine likapita.

"Basi nimemrudisha getini kwa mkono wangu," alisema. "Walikuwa wengi, mama. Nilikuwa natazama mikono yao kama imeshika kitambulisho. Sikutazama masikio."

"Ungefungua?"

"Ningefungua, wangenifukuza. Na kitambulisho changu mwenyewe kiko kwenye droo yao mpaka msimu uishe. Hata mimi hapa sina karatasi." Akapumua. "Ana umri gani?"

Nicolasa alitamani kudanganya, akashindwa. "Miaka sita."

Wote wawili walijua umri huo una maana gani. Wilber alimwuliza kama wana mbegu. Akamwambia mbegu ipo, mlango umefungwa. Akamwambia ajifunike vizuri, ukungu wa pwani si mtu mzuri, akateremka kwenye jiwe. Njiani alilia, akalia sana, akanawa uso mferejini kabla ya kufika nyumbani.

Siku ya Jumatano hapakuwa na chakula tena. Maghala ya majirani yalikuwa yamebaki vumbi na panya wenye hasira. Jioni foleni ikaja kama kawaida, ikasimama kwenye tuta la mwisho, na msichana mwenye masikio safari hii alikuwa mbele. Tanuri lilikuwa limejengwa na moto unawaka, kwa kuwa moto hauna gharama kubwa. Nicolasa alilitazama tanuri, akamtazama msichana, akashika njia ya chumba cha mawe. Toribio alimfuata.

"Nicolasa, hiyo ni mbegu."

"Naijua mbegu."

"Mama yako aliegemea mlango huu."

"Mama yangu alikuwa anamngoja mtu wa kumlisha. Mimi wangu amefika." Akafungua kamba. Ndani viazi vilikuwa vimeshafumbua macho, kila jicho lina chipukizi la zambarau. Alitandaza shuka na kuanza kupakia, akijua anachokifanya. Usipokula mbegu mtoto anakuwa na njaa leo. Ukiila, atakuwa na njaa akiwa na miaka sita.

Yovana alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, subiri. Nataka kukuonyesha kitu, lakini usicheke."

"Nani ana nguvu za kucheka?"

Akampeleka nyuma ya jiko, kwenye lundo la majivu, pale ambapo ukuta una joto na baridi kali haifiki. Lundo lilikuwa kijani. Majani ya viazi yalikuwa yamesongamana, mengine yamekwisha toa maua. Nicolasa alichuchumaa, akafukua kwa kidole, akatoa kiazi kidogo kama yai la njiwa, halafu kingine, halafu vitatu vimeshikana. Chini ya mashina kulikuwa na maganda yaliyooza, manene.

"Ni maganda yangu," Yovana alisema. "Tangu nguruwe achinjwe nayatupa hapa. Ganda nene linabaki na jicho na nyama kidogo, linaota. Nimekula vya hapa mara nyingi."

"Na hukusema?"

"Ungesema nafuga nguruwe ambao hawapo."

Nicolasa alifikiri. "Ningesema hivyo hivyo," akakubali. Alibaki amechuchumaa, kiazi kiganjani. Miaka minne alikuwa amekaa juu ya wokovu wake mwenyewe akiufanyia mzaha. Aliona aibu, na furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu. Akamshika Yovana mkono ili ainuke, na alipoinuka hakuuachia. "Chukua kisu, mwanangu. Leo menya unavyojua wewe."

Walimenya mbegu yote. Nyama ya kiazi ilikwenda kwa wageni na ganda lenye jicho likabaki kwa shamba. Wanawake wa jirani walikuja kusaidia na wakapata tabu kubwa, kwani tangu utotoni walikuwa wamefundishwa kutoa ganda linalopitisha mwanga, na mikono haikukubali kuharibu. Yovana ilibidi awapitie mmoja mmoja. "Nene zaidi, shangazi. Hapana, hilo bado ni la mkwe mwema. Menya kama hujalelewa." Wakacheka, wakamenya vibaya, na kadiri walivyozoea wakaanza kushindana nani mbaya zaidi. Toribio aliomba naye kisu. La kwake lilitoka nene vizuri kuliko yote bila kufundishwa, na mkewe akasema anamfahamu.

Bwana Edilberto alipopata habari alikuja na pikipiki imejaa magunia matupu. Akashauri maganda yaviringishwe katika majivu, yalazwe kivulini mpaka jeraha likauke, yapandwe juujuu na karibukaribu, yafunikwe na nyasi. Alisema haya aliyasoma zamani chuoni na akadhani ni ya mtihani tu. Alikaa siku nzima akiviringisha, suruali ikawa nyeupe, na jioni akala na wale wa kwenye mchoro. Msichana alilala akiwa ameegemea begani mwake, hana uzito wowote.

Oktoba walipanda. Ardhi iliyopandwa ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka mwingine wowote, kwa kuwa kiazi kimoja kilichokuwa kinakwenda shimo moja sasa kilikwenda mashimo manne au matano. Kabla ya kupanda, Nicolasa alimwaga pombe ya mahindi chini, akaweka majani ya koka, akashukuru kwa sauti. Alimshukuru Mama Ardhi, akawashukuru marehemu, akawashukuru na wale ambao bado, kwa kumpa sababu ya kufungua mlango ule. Mwisho akashukuru kwamba mwanawe alioa mharibifu. Yovana aliyekuwa nyuma yake na kikapu akacheka kwa mara ya kwanza mbele ya mama mkwe.

Kanivali Wilber alikuja, amekonda, kitambulisho mfukoni. Alipanga mawe ya ukuta, akaziba paa, akalala na mkewe, akala mpaka mama yake akaridhika. Alikwenda kutazama shamba kila asubuhi. Mwisho wa karamu gari la pwani likaja kuwachukua vijana, naye akapanda. Mkataba ulikuwa umeshatiwa saini. Geti lilikuwa lilelile, maandishi yamepakwa rangi mpya, na droo nayo ilikuwa na nafasi yake.

Viazi vya maganda vilikuwa vidogo lakini vilikuwa vingi. Jioni ya kwanza ya mavuno Yovana alikuwa na tumbo la miezi minne, na alipanga madongoa akiwa amekaa, akitoa amri. Tanuri lilipobomolewa foleni ilikuwa imesimama kwenye tuta la mwisho, ndefu kuliko ya mwaka jana, maana dunia haikuwa imesimama kuwangoja. Yule mzee mwenye nywele nyeupe hakuwemo. Wageni walisema huko anakongoja ameambiwa hana tena haja ya kuja. Nicolasa alishukuru kwa ajili yake, na akachukua muda kuwatazama wote, uso kwa uso, akimtafuta mmoja.

Alikuwa katikati. Masikio yalitangulia kuonekana. Lakini alikuwa amerefuka, pengo limejaa, nywele zimesukwa mikia miwili, na alitembea kama wasichana wanavyotembea wakiwa na miaka kumi na wamekwisha pewa kondoo wa kuchunga. Alikuwa na njaa, ila ilikuwa njaa ya mbali zaidi.

Yovana alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. Akaweka mkono tumboni, akamsogelea na sahani.

"Umekua," alimwambia.

"Nitakua," msichana akasema. "Nimesikia nitakua mpaka hapa." Akaonyesha kimo chake kwa kiganja, akapokea sahani kwa mikono miwili. "Asante."

Nicolasa alikuwa ameshaanza kuwahudumia wengine. Alimwambia Toribio kwamba msimu ujao watalima na ile ngazi ya juu ya shamba mlimani, iliyoachwa tangu enzi za mumewe, mawe yake yainuliwe, maji yapelekwe. Toribio alisema ile ni kazi ya watu ishirini. Nicolasa alimpa kiazi, akamwambia ale kwanza.